Bi Akiba na Diski Mapacha

Jina la Bi Akiba lilianzia kwenye mkoba. Ulikuwa mkoba mkubwa wa ngozi iliyochoka, na ndani yake kila kitu kilikuwa viwili viwili: kalamu mbili, miwani miwili, seti mbili za funguo za ofisi, vitambaa viwili vya mkononi, na betri za tochi ambayo kusema kweli hakuna aliyewahi kuiona. Ukimwomba sindano alikuuliza kama unataka ya mkono au ya cherehani. Mumewe, seremala mwenye maneno mengi kuliko misumari, aliwaambia wageni, "Mimi narudi nyumbani mapema. Nikichelewa, huyu mama atatoa mume wa akiba kabatini." Naye Bi Akiba, bila hata kugeuka, alijibu, "Yupo, ila bado anapigwa msasa."

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mfupi, mnene kiasi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa, na kazi yake ilikuwa kutunza sauti. Kituo cha redio alichofanyia kazi kilikuwa na sauti za miaka sitini: hotuba, michezo ya kuigiza, matangazo ya mpira, kwaya, taarifa za mvua, vipindi vya watoto, na vipindi vya salamu ambavyo peke yake vilipita elfu mbili. Wenzake wote walifanya kazi ya kusema. Yeye alifanya kazi ya kuhakikisha kilichosemwa hakipotei, na ukimwambia kwamba hiyo si kazi kubwa, basi umejitafutia mwenyewe, maana utasimama mlangoni nusu saa ukielezwa.

Aliingia pale akiwa binti wa miaka ishirini na miwili, kazi yake kubeba kanda. Stoo ya kanda ilikuwa chini ya ngazi, na juu ya rafu ya nne lilipita bomba la maji ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelijali. Likapasuka siku ya Jumamosi. Jumatatu asubuhi Bi Akiba, ambaye siku hizo hakuwa bado Bi Akiba, alikuta rafu nzima ya kwaya ya watoto imevimba na kubandikana. Haikuwa na nakala. Mwaka uliofuata akaja mwanamke mtu mzima, mpole, kuomba kusikia sauti yake ya utotoni, alipoimba peke yake ubeti wa pili. Ikabidi binti yule amtazame usoni na kumwambia hakuna. Mwanamke alisema tu, "Haya, mwanangu, asante," akaondoka, na adabu ile ilimuuma kuliko matusi. Tangu siku hiyo akaanza kuwa na kila kitu viwili.

Kanda zilipoanza kuingizwa kwenye kompyuta, yeye ndiye aliyeziingiza, moja moja, kwa miaka minane, hedifoni masikioni. Kwa hiyo hakuwa mtunzaji wa kusikia habari kwa watu. Alizisikia sauti zile karibu zote kwa masikio yake, alijua nani alikohoa katika hotuba gani.

Mwisho wa kazi hiyo kituo kilipata makabati mawili ya diski. Kila kabati lilikuwa na ukubwa wa jokofu dogo, na mbele yake droo kumi na mbili, kila droo na diski yake, kila diski na taa yake ndogo ya kijani. Ujanja wa kabati kama hilo ni kwamba haliweki kipindi kizima kwenye diski moja. Linakikata vipande, linavitawanya kwenye diski zote, kisha linaongeza vipande vya hesabu. Diski mbili zikifa, ziwe mbili zozote, kumi zilizobaki zinapiga hesabu na kurudisha kila kitu kilichokuwa kwenye zile zilizokufa. Unachomoa iliyokufa, unachomeka mpya, kabati linaijaza upya kwa saa thelathini hivi, na maisha yanaendelea. Ikifa ya tatu kabla hujaziba pengo, hakuna hesabu itakayokuokoa.

Kabati la kwanza liliwekwa kituoni. La pili, lenye nakala ya kila kitu, likapelekwa kwenye jengo la mnara wa kurushia matangazo, kilomita kumi na mbili nje ya mji, juu ya kilima, kwa fundi mmoja mkimya aliyeitwa Mtu wa Mnara kwa sababu alishuka mjini mara chache sana. Moto ukiwaka huku, sauti ziko kule. Maji yakimwagika kule, sauti ziko huku. Ungemwona Bi Akiba siku hiyo ungedhani ameolewa upya.

Sasa sikiliza kosa lake. Diski zote za makabati mawili alizichagua mwenyewe, na alitaka ziwe sare. Katoni moja, diski ishirini na sita, namba zake zikifuatana tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Kumi na mbili huku, kumi na mbili kule, na moja ya akiba kila upande. Mkurugenzi akabonyeza kitufe cha kituoni, Mtu wa Mnara akabonyeza cha kwake kwa kuhesabiwa kwenye simu, na diski zote zikaanza kuzunguka saa nne kamili asubuhi ya siku moja. Watu wakapiga makofi.

Katika mji ule watunza diski walikuwa wachache na walijuana. Walikuwa na desturi yao: akipata mmoja diski mpya, anawapitia wenzake na kubadilishana nao, nusu zangu chukua, nusu zako lete, ili kabati la kila mtu liwe na mchanganyiko wa viwanda na miezi. Mtunza diski wa chuo, mama mrefu asiyejua kubembeleza, alikuja kuomba wabadilishane kama kawaida. Bi Akiba akakataa. Alizitazama diski zake zilivyopangika, akaona uchungu kuzichanganya na za watu.

"Shoga yangu, umezaa mapacha ishirini na sita," mama wa chuo alimwambia. "Wametoka kiwandani siku moja na kasoro moja. Wakianza kuugua, wataugua pamoja."

"Kila mtu na wanawe," Bi Akiba akajibu, na mambo yakaishia hapo kwa miaka mitano.

Katika miaka hiyo mitano, kila Ijumaa saa saba mchana, mlango wa chumba cha diski uligongwa mara mbili. Alikuwa dereva wa gari namba tatu, lile gari la kituo lenye mlingoti, linalotumwa popote penye tukio. Mkewe alikuwa mtangazaji wa salamu. Kwa miaka kumi na minne, mara tatu kwa wiki, mwanamke huyo alisoma kadi za wasikilizaji, nani anamsalimu nani na ujumbe gani, na watu wakamzoea kwa jina la Dada Salamu hata majirani wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Alifariki kwa maradhi ya kifua mwaka mmoja kabla makabati hayajaja.

Dereva hakuwa mtu wa kujieleza. Angevuta kile kiti kidogo cha mlangoni, angekaa, na Bi Akiba angemfungulia kipindi kilekile cha mwaka wa kwanza, ambamo Dada Salamu anakwama kwenye jina refu la msikilizaji, anajaribu mara tatu, kisha anaangua kicheko hewani. Dakika kumi. Angekunja hedifoni vizuri, angesema, "Asante, dada," na kuondoka. Siku moja Bi Akiba alimwuliza mbona hasikilizi vingine, navyo viko zaidi ya elfu mbili.

"Huyu ndiye niliyemwona kwa mara ya kwanza," dereva alisema. "Wa mwishoni alikuwa anakohoa. Sitaki kumsikia akikohoa."

Kumpa nakala aende nayo nyumbani haikuwezekana. Sheria ya kituo ilitaka saini nne, na saini ya nne ilikuwa ya ofisi ambayo siku hizi haipo. Kwa hiyo yote yaliyobaki duniani ya Dada Salamu yalikuwa kwenye makabati yale mawili.

Jumatatu moja saa mbili asubuhi Bi Akiba alifungua mlango wa chumba akakuta taa moja imegeuka njano. Diski ya tano imekufa. Hakushtuka. Alivua viatu, kwa sababu aliamini mikono yake hutulia zaidi akiwa peku, akachomoa maiti, akachomeka diski ya akiba, kabati likaanza kuijaza. Akajimiminia chai. Miaka mitano diski kufa ni jambo la kawaida, hata gari hubadilishwa tairi.

Kabla ya saa sita ile diski ya akiba ikafa.

Hapo alisimama akaiangalia muda mrefu. Diski ya akiba haikuwa imefanya kazi hata siku moja, ilikuwa imelala kwenye droo yake miaka yote, sasa imeamka na kufa mchana huohuo. Saa nane ikafuata diski ya tisa. Kabati la kituoni likawa limebaki na kumi, na akiba hamna. Bi Akiba alizihesabu tena kwa kidole. Akachukua simu akampigia Mtu wa Mnara.

"Kwako huko kwema?"

"Kwema kabisa, mama. Ila moja ilikufa Ijumaa, nikaweka ile ya akiba. Na leo asubuhi nyingine imekufa. Nilikuwa nimepanga kukwambia kwenye ripoti ya mwisho wa wiki."

"Ya mwisho wa wiki," Bi Akiba alirudia.

"Si ndiyo utaratibu?"

Ndiyo ulikuwa utaratibu, na aliyeuandika ni yeye. Alikaa kwenye kiti kidogo cha mlangoni. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano akayasikia maneno ya mama wa chuo kama yalivyosemwa. Mapacha walikuwa wameanza kuugua, nyumba zote mbili kwa wakati mmoja. Kituoni hakukubaki nafasi ya kukosea hata moja, na kule mnarani ilibaki moja. Miaka sitini ya sauti ilikuwa inaning'inia hapo, na aliyeitundika ni yeye kwa kupenda sare.

Ni kweli alilia kidogo. Akatumia kitambaa cha kwanza, akakirudisha, kisha akajifunga kibwebwe. Alimweleza mkurugenzi kila kitu bila kujificha nyuma ya maneno ya kitaalamu, na mkurugenzi, ambaye kwa kawaida alikuwa na maswali mengi, aliuliza moja tu.

"Tumepoteza nini mpaka sasa?"

"Bado hatujapoteza kitu. Naomba gari, na naomba mtu yeyote asifungue sauti yoyote ya zamani hadi niseme."

Gari lililokuwa uani ni namba tatu.

Njiani kwenda chuoni Bi Akiba alimweleza dereva, kwa sababu hakuweza kukaa kando ya mtu yule na kuzungumzia hali ya hewa. Akamwambia mpango wake. Angeomba diski za watu, zisizo na undugu na zile za katoni. Moja ingepelekwa mnarani, kabati la kule lijijaze taratibu bila kusumbuliwa. Nyingine zingebaki kituoni, na kabati la kituoni halingejazwa kamwe, kwa sababu kujaza ni kuzifanyisha kazi diski zote mchana na usiku, na zile zilizobaki zimechoka. Sauti zake zingehamishiwa tu kwenye diski hizo, moja baada ya nyingine, mpaka zimalizike au kabati life, lolote litakalotangulia.

"Zinahamishwa kwa mpango gani?" dereva aliuliza.

Bi Akiba akatazama dirishani. Mwongozo wa kazi, ukurasa wa saba, ulisema hotuba na habari kubwa kwanza, kisha michezo ya kuigiza na muziki, na salamu mwisho. Mwongozo huo nao aliuandika yeye, zamani, siku aliyodhani hautatumika.

"Salamu zipo mwisho," alisema. "Lakini kaka, mwongozo niliandika mimi na kompyuta naibonyeza mimi. Nikimweka mkeo wa kwanza, hakuna atakayejua."

Dereva aliendesha mpaka wakapita mataa mawili.

"Kadi alizisoma kwa zamu ya kufika," akasema. "Siku moja mkurugenzi wa wakati ule alileta ya kwake, anamsalimu mama mkwe, akataka isomwe mwanzo. Mke wangu akaiweka chini ya rundo. Mkurugenzi alisubiri wiki tatu kumsalimu mama mkwe. Yalitokea maneno nyumbani kwake, nasikia." Akacheka kidogo, puani. "Mwache apange foleni, dada. Ukimpitisha mbele atanijia ndotoni anigombeze."

Bi Akiba naye akacheka.

Mama wa chuo alikuwa na haki ya kusema mengi. Aliwatazama wote wawili, akamtazama Bi Akiba miguuni, akaona amekuja na viatu visivyofanana, maana ofisini alikuwa na jozi mbili. Akafungua kabati lake la chuma akatoa diski saba, kila moja na kiwanda chake, kila moja na mwezi wake.

"Nilikwambia," alisema. Akasema mara moja tu, na hapo Bi Akiba alimpenda maisha yake yote. "Chukua hizi. Ukipona utanirudishia nyingine, na safari hii tutachanganya."

Moja ikaenda mnarani jioni ileile, imefungwa kwenye sweta la dereva. Sita zikabaki kituoni. Bi Akiba akavua viatu, vyote viwili, akaanza kuhamisha. Usiku hakuna la kusimulia, kabati lilifanya kazi na yeye alilala kwenye mkeka kando yake, akiota droo. Jumanne hotuba zote zikapita salama. Zikapita na habari kubwa, ikapita michezo ya kuigiza, ukapita mpira na ule muziki wote. Wafanyakazi walikuja kuchungulia mlangoni, wengine na chai, wengine na ushauri, na alichukua chai. Mumewe alipita na chakula, akatazama taa zinavyowaka, akasema kama kweli kuna wa akiba aje achukue zamu. Alipoona mkewe hacheki, alikaa naye saa nzima bila utani, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baada.

Jumatano alfajiri ikafika zamu ya salamu. Mwaka wa kwanza ukapita, na kile kicheko ndani yake. Ukapita wa pili, wa tatu, wa nane. Saa tatu asubuhi mwaka wa kumi na moja ukamalizika, na Bi Akiba alikuwa amenyoosha mkono kuchukua kikombe pale diski ya kumi na mbili ilipogonga mara tatu na kunyamaza. Taa ya njano ikawaka. Kisha kabati zima likazima taa za kijani moja baada ya nyingine, kwa utulivu.

Miaka mitatu ya salamu haikuwa imehamishwa. Miaka mitatu ya mwisho.

Akampigia Mtu wa Mnara. Akamwuliza kujaza kumefika wapi.

"Asilimia themanini na moja," Mtu wa Mnara alisema. "Inakwenda polepole, mama. Na kuna nyingine ya katoni ile taa yake inapepesa. Nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Usiiguse. Usiwashe feni, usifunge mlango kwa nguvu. Kaa uitazame tu."

"Nimekaa tangu jana," akasema.

Siku hiyo kila baada ya saa moja simu iliita na namba ikatajwa. Themanini na nne. Themanini na nane. Dereva aliegesha gari uani chini ya dirisha la chumba cha diski akajifanya anaosha vioo, vioo ambavyo kufikia mchana vilikuwa safi kuliko siku vilipotoka kiwandani. Bi Akiba alikuwa akimwonyesha vidole dirishani: tisa na moja, tisa na nne. Saa tisa ile diski inayopepesa ikafa kule mnarani, na kabati likabaki limeegemea diski kumi za mapacha na ile ya chuo iliyokuwa haijajaa. Hapo hata Mtu wa Mnara, asiyeomba kitu kwa mtu, alisikika akimwomba Mungu kwa sauti. Saa kumi na dakika ishirini simu ikaita.

"Mia," alisema. "Mama, mia. Taa ya chuo imekuwa kijani."

Bi Akiba alifungua dirisha akainua mikono yote miwili, vidole vyote kumi, na dereva akakaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni.

Alhamisi ilikuwa siku ya masikio. Ile miaka mitatu ililetwa kutoka mnarani kwenye diski mbili za viwanda mbalimbali, na kompyuta ikasema kila faili ni zima. Bi Akiba hakuridhika. Kompyuta huhesabu vipande, haijui kama ndani yake kuna mtu anaongea. Akakusanya kila aliyekuwa na nafasi kituoni, akawapanga kwenye meza za ukumbi wa mikutano, akagawa hedifoni na karatasi ya orodha. Mwanzo, katikati, mwisho, kila kipindi. Kikiwa kizima weka alama. Akagawa kwa zamu ya kufika: wa kwanza kufika alipewa miezi ya mwanzo, na kuendelea. Ukumbi ukajaa watu wanaocheka peke yao, kila mmoja na salamu zake masikioni. Mhasibu alisikia shangazi yake akisalimiwa na mtu asiyefahamika katika familia, na akaomba kusikiliza tena.

Dereva aliingia wa mwisho, alikuwa anatafuta mahali pa kuegesha. Meza ya mwisho, orodha ya mwisho. Mwezi wa mwisho, vipindi kumi na viwili.

Bi Akiba aliona karatasi aliyokuwa akimpa akairudisha kifuani. "Hii nitasikiliza mimi, kaka. Wewe shika ya huyu hapa."

Dereva alinyoosha mkono akaichukua. Aliisoma juu mpaka chini. Akavuta kiti.

Alisikiliza cha kwanza, akaweka alama. Cha pili, alama. Bi Akiba alikuwa akizunguka ukumbini akijifanya ana shughuli, lakini jicho halikutoka kwenye mgongo ule. Alimwona akikaza mabega kila kikohozi kilipopita, kisha akiyalegeza. Cha tano, cha nane. Mwisho wa cha kumi na mbili hakuweka alama. Alirudisha nyuma, akasikiliza, akarudisha nyuma tena. Akageuka.

"Dada, njoo usikie. Sijui kama faili hili ni zima."

Bi Akiba alikuja mbio. Akachuchumaa kando yake, dereva akampa upande mmoja wa hedifoni, upande mwingine akabaki nao yeye. Sauti ilikuwa ya Dada Salamu, imekwaruza, inapumua kila baada ya maneno machache, lakini kila neno lilikuwepo.

"Nimebakiwa na kadi moja, wasikilizaji, na ni yangu mwenyewe. Imefika mwisho naisoma mwisho. Iende kwa dereva wa gari namba tatu. Saa hii yuko nyuma ya milima na redio ya gari lake huko haishiki, najua. Mume wangu, usiposikia leo utasikia siku nyingine. Mimi nipo. Ujumbe: lile komeo la mlango wa jikoni ulisema utalitengeneza Jumamosi. Jumamosi ipi, hukusema."

Kisha kikohozi, kisha muziki wa kufungia kipindi.

Bi Akiba alikuwa ameingiza kipindi hicho kwenye kompyuta kwa mikono yake, miaka mitano kabla, katika wiki ambayo hakuwa na muda, na alikiingiza bila kukisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakutafuta kitambaa.

"Ni zima," alisema. "Zima kabisa, kaka. Weka alama."

Dereva akaweka alama, akaikoleza mara mbili. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na Bi Akiba aliinama kumtazama asijue anaona kilio au kicheko, akakuta ni vyote.

"Na komeo?" aliuliza.

"Bado, dada," dereva alisema, akijifuta uso kwa mkono wa shati. "Miaka sita. Mlango nafunga kwa kamba."